Uende Jumanne, Saa Nne Asubuhi

Dalali wa viwanja huipenda Jumapili. Atakuambia mkutane Mbezi Luis baada ya ibada, mpande gari moja, na kabla hamjamaliza kuulizana habari za nyumbani mtakuwa mmeshuka Maili Moja. Siku hiyo Barabara ya Morogoro imetulia, njia nane za kuanzia Kimara zinamtosha kila mtu, hata konda anaita abiria kwa sauti ya upole. "Unaona, bosi? Dakika ishirini tu." Hasemi uongo. Ni dakika ishirini kweli, lakini ni dakika za Jumapili, na wewe unahamia huko pamoja na Jumatatu zako.

Basi kanuni ya kwanza kwa mtu anayetaka kutoka katikati ya Dar es Salaam akajenge Kibaha, Kisarawe, Bagamoyo, Mkuranga au ng'ambo ya Kigamboni, huku kazi yake ikibaki Posta au Kariakoo, ni hii: uende Jumanne, saa nne asubuhi, bila dalali. Omba ruhusa kazini. Mtu anayeomba ruhusa siku tatu kwenda kwenye harusi ya mtoto wa rafiki ya mjomba wake anaweza kuomba siku moja kwa ajili ya mahali atakapozeekea.

Kwa nini saa nne? Kwa sababu saa nne asubuhi ndiyo saa ambayo wewe hutakuwapo. Utakuwa umeondoka gizani, uko mezani kwako mjini, na mji uliouchagua utakuwa mikononi mwa wengine: mkeo au mumeo aliyebaki, mama yako, mtoto ambaye hajaanza shule, dada wa kazi. Mji ni wao. Wewe ni mpangaji wa usiku. Na kosa ninaloliona kila mwaka, kwa watu wazuri na wenye akili, ni kwamba mji unachaguliwa na yule anayekwenda kulala tu.

Nalijua kosa hili kwa ndani. Kiwanja chetu cha kwanza nilikichagua mimi. Nilipima umbali wa lami, nikakagua nguzo za umeme, nikauliza bei ya mchanga na kokoto, tukahamia kibishi kama wengi, madirisha mawili yakiwa bado ya mabati. Mama akaja kukaa nasi. Siku moja ya kazi, kabla ya adhuhuri, presha ikampanda. Nyumba ya kulia ilikuwa na geti jipya na kufuli kubwa. Ya kushoto vilevile. Mtaa mzima ulikuwa wa watu kama mimi, tumeondoka alfajiri kama ndege, na bodaboda zote zilikuwa zimefuata abiria barabarani. Mama alikaa barazani mpaka likapita boza la maji, na dereva wa boza ndiye aliyempeleka zahanati. Alipona. Tangu siku hiyo mtu akiniambia amepata kiwanja mahali patulivu sana, namuuliza: patulivu saa ngapi?

Kwa hiyo Jumanne hiyo ukifika, usikimbilie kuangalia vigingi vya mipaka. Kaa kwenye genge la mbogamboga. Nunua mchicha, uliza bei ya nyanya, tazama nani anapita. Wakipita wazee wawili, mama mwenye mtoto mgongoni, fundi baiskeli na mwanafunzi aliyerudishwa kufuata daftari, huo ni mji. Usipoona mtu kwa nusu saa, hapo umekuta bweni.

Halafu unywe chai. Nalisema hili kwa dhati kabisa, hasa kwa wanaoelekea Kigamboni na pwani kwa jumla. Dalali atakuambia maji yapo, na yapo kweli, kisimani. Lakini visima vingi karibu na bahari vina chumvi, na chumvi hiyo haionekani kwenye ndoo. Kaa kwa mama ntilie, agiza chai ya rangi bila sukari, unywe taratibu. Chai itakuambia yale ambayo muuza kiwanja hakuona haja ya kuyataja: kama nguo zitatoa povu, kama maharage yataiva, kama mtanunua maji ya kunywa kwa madumu maisha yenu yote. Ukimaliza chai, tazama barabara. Boza likipita mara tatu kabla hujalipa, basi bomba la mtaa ule lipo kwa ajili ya kupigwa picha.

Kuhusu mabomba, jiografia yake ni rahisi na inafaa kuijua kabla ya kutoa hela. Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam inatoka Mto Ruvu kwa mitambo miwili. Ruvu Juu iko Mlandizi na bomba lake linafuata upande wa Barabara ya Morogoro, kupitia Kibaha. Ruvu Chini iko Bagamoyo na maji yake yanashuka upande wa Barabara ya Bagamoyo. Mji uliokaa kwenye mkuza wa mabomba hayo una nafuu, lakini kupitiwa na bomba na kupewa maji ni mambo mawili tofauti, kama vile kupitiwa na basi lililojaa. Mwishoni mwa 2022 mvua zilipokata, mto ulipungua na maji yakaanza kutoka kwa mgawo. Waliokuwa na tangi na akiba walivuka. Bwawa la Kidunda linajengwa kule Morogoro ili mto usituache tena namna ile. Mpaka likamilike, tangi lako liwekwe kwenye bajeti mapema kuliko vigae vya sebuleni.

Ziara ya pili iwe Aprili, masika yakiwa yamekolea, ikiwezekana asubuhi ya baada ya mvua ya usiku kucha. Vaa viatu unavyokwenda navyo kazini, visiwe vya shamba. Ukiona matete, magimbi na migomba imestawi kwenye kiwanja ambacho hakuna anayekimwagilia, ardhi inakueleza kitu. Watu wa mjini walilipa ada kubwa ya somo hili Desemba 2011, mafuriko yalipoingia Jangwani na mabonde mengine, na Serikali ikawahamishia waathirika Mabwepande, wengine wakianzia maisha kwenye mahema. Kukimbia bonde la mjini na kwenda kununua bonde la pembeni kwa sababu limepunguzwa bei ni jambo linalonisikitisha kila ninapoliona, na naliona mara nyingi, kwa kuwa viwanja vya bondeni vinauzwa Agosti.

Sasa umbali. Kipimo cha umbali ninachokiamini mimi ni bodaboda. Usimuulize dalali, kwake kila kitu ni pua na mdomo. Mwendee kijana wa kijiweni, mtajie mtaa, umuulize anakupeleka kwa kiasi gani. Akisema jero, ni karibu. Akisema buku, utazoea. Akisema buku mbili halafu akaongeza, "mvua ikinyesha, bro, mimi naishia kwenye mwembe," hapo umepewa ushauri wa kitaalamu bure, na utafute ulipo huo mwembe, kwa sababu ndipo binti yako atakaposhushwa saa moja usiku akitoka masomo ya ziada.

Kwa safari yenyewe ya mjini, chukua kalamu. Tuseme ni saa mbili kwenda na saa mbili na nusu kurudi, hesabu isiyo ya ajabu kwa mtu wa Kibaha anayefanya kazi Posta. Kwa siku tano ni saa 22 na nusu. Ni siku nzima, usiku na mchana, ukiondoa saa moja na nusu. Kila wiki utakuwa umeitoa siku moja ya maisha yako uiache Kimara, Ubungo na Magomeni. Mwendokasi ulipoanza Mei 2016 ulipunguza mzigo huo kwa walio kwenye njia yake, na yeyote aliyesimama kituo cha Kimara saa kumi na mbili asubuhi anajua pia kwamba foleni ya magari inaweza kugeuka kuwa foleni ya watu. Jioni kuna kugeuza na gari: unalipanda likiwa linaelekea mwanzo wa safari, unalipa nauli mbili ili upate kiti kimoja. Iweke nauli hiyo ya pili kwenye hesabu. Mwenye magoti mabovu ataihitaji kila siku.

Baada ya hesabu hiyo, ndipo uanze kutaja miji.

Kibaha naitetea, na natangaza mapema kuwa naipenda. Ni kama kilomita 40 kutoka katikati ya jiji, ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, kwa hiyo ina ofisi na watu wanaofanya kazi hapohapo mchana. Jambo hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Mji wenye watumishi wake wenyewe una chakula cha mchana, una fundi viatu, una famasia iliyo wazi. Shirika la Elimu Kibaha lilianza 1963 kama mradi wa pamoja na nchi za Nordiki, likaacha shule, kituo cha afya kilichokua kuwa Hospitali ya Tumbi, na desturi ya wazazi kuchukulia masomo kwa uzito. Hospitali hiyo imepokea majeruhi wengi wa ajali za barabara kuu hiyo. Ukijenga Kibaha unajenga pembeni ya mshipa mkuu wa nchi: malori mengi ya kwenda bara yatapita mlangoni kwako. Chagua upande wa shule kabla ya kuchagua upande wa jua. Mtoto wa darasa la pili kuvuka barabara ile mara mbili kwa siku ni jambo ambalo hakuna bei ya kiwanja inayolifidia.

Ukisogea mbele kidogo, Mlandizi, na njia za kuingia Soga na Ruvu, utasikia neno moja kwa kila dalali: SGR. Treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro ilianza kubeba abiria katikati ya 2024, na Pugu, Soga na Ruvu zina vituo. Ni kitu kizuri, na mimi nikiiona inapita bado nasimama kuitazama. Ila reli na kituo havifanani. Reli ikipita nyuma ya choo chako kwa kasi ile haikufikishi popote; itabidi ufike kituoni, na hapo turudi kwa kijana wa bodaboda. Kisha tazama ratiba ya siku za kazi. Treni inayoingia jijini saa nne haimsaidii anayetakiwa kusaini kitabu saa mbili kasorobo, na ukishuka stesheni bado safari ya kazini haijaisha.

Kisarawe ni ya watu wenye subira. Imekaa juu vilimani, jirani na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, na jioni kuna ubaridi mpaka unatafuta shuka ambalo mjini ulilisahau kabatini. Kwa miaka mingi shida yake ilikuwa maji. Mradi wa kuyapandisha kutoka Kibamba ulizinduliwa 2020, na mji ukaanza kupumua. Udongo wa vilima vile una mfinyanzi, Pugu inajulikana kwa kaolini yake, hivyo muulize fundi wa palepale msingi unachimbwa kina gani kabla hujamsikiliza fundi uliyetoka naye Tabata. Njia yake ya mjini inapita Pugu na Gongo la Mboto, nayo ina historia ya msafiri mmoja tunayemfahamu sote. Julius Nyerere alikuwa mwalimu Pugu, huku kazi ya TANU ikimwita mjini, na mwaka 1955 alipotakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa akaacha kazi. Kila nikipita pale namfikiria akiwa njiani, na nafikiri pia kuhusu mkewe, Mama Maria, aliyebaki nyumbani na watoto.

Bagamoyo iko mbali, kama kilomita 70, na sitakudanganya kwamba inafaa kwa mtu wa kwenda na kurudi kila siku. Inafaa kwa anayekwenda mjini mara mbili kwa wiki: mwenye duka lililo na msimamizi, mhasibu anayefanyia kazi nyumbani, mstaafu mwenye vikao. Huyo ataishi kwenye mji halisi, wenye soko la samaki, misikiti ya zamani, ngoma za wanafunzi wa chuo cha sanaa cha TaSUBa na watu wanaojuana kwa majina ya babu zao. Usiende Bagamoyo ukitarajia kuwafundisha kuishi. Walio katikati, Mapinga na Kerege, wanapata hewa ya Bagamoyo na foleni ya Tegeta kwa pamoja. Wengine wanasema inalipa, mimi ningefikiri mara mbili.

Kigamboni nimeigusa kwa chai. Daraja la mita 680 lililofunguliwa 2016 liliwaondolea wengi kukesha kivukoni, lakini lina tozo, kwa hiyo nalo liingie kwenye kalamu. Mkuranga na Vikindu wana korosho, machungwa na viwanda, na Barabara ya Kilwa ina kisiki kimoja kinachoitwa Rangi Tatu. Anayefanya kazi bandarini au Mbagala atapenda. Wa Mwenge asijaribu.

Karatasi nazo zina utaratibu wake, na hapa naomba unisikilize kama unavyomsikiliza kaka mkubwa. "Ishirini kwa ishirini" ni nini, hatua au mita? Uliza kwa sauti, mbele ya mashahidi, kisha toa futi yako mfukoni, kwa kuwa hatua hurefuka na kufupika kulingana na anayelipwa. Ukitoka nje ya mji, ardhi inaweza kuwa ya kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, haimpi mwenyekiti mamlaka ya kugawa peke yake. Halmashauri ya kijiji inahitaji idhini ya mkutano mkuu wa wanakijiji. Omba kuona muhtasari wa mkutano huo. Kiwanja kilichopimwa kifanyiwe upekuzi kwenye ofisi ya ardhi kabla hela haijatoka, na mke au mume wa muuzaji awepo na asaini. Ukiambiwa mwenzake huyo "yuko safarini," subiri arudi. Na ukidaiwa asilimia kumi ya bei kwa ajili ya ofisi ya mtaa, omba risiti ya Serikali. Nimeona dai likiyeyuka kwa ombi hilo moja tu.

Jambo la mwisho kulipima ni msiba. Ukisikia kuna msiba katika mtaa unaoufikiria, nenda. Huhitaji kumjua marehemu. Kaa na wanaume nje au na kina mama ndani, toa rambirambi yako, utazame. Nani amefunga turubai? Nani analeta maji? Wahamiaji wapya wamekaa peke yao kwenye viti vya mwisho, au wanagawa sahani? Mtaa ambao mgeni wa miaka miwili amepewa daftari la michango unaweza kumwachia mama yako. Ule ambao majirani wanaulizana jina la nyumba yenye msiba, rudisha hela mfukoni hata kama kiwanja kina hati.

Mara ya pili tulipotafuta, sikuchagua mimi. Nilimchukua Mama, Jumanne, tukafika saa nne kasoro. Nilikuwa na ramani ya viwanja mkononi na namba ya afisa wa kutuonyesha. Mama akasema anashuka kidogo kununua mchicha. Msichana wa gengeni akampa shikamoo, Mama akaitika, akaulizwa anatoka wapi, naye akauliza watoto wa pale wanasoma shule gani, nani anauza maziwa, sindano za sukari zinachomwa wapi. Akaletewa kigoda. Mwanamke mwingine akaja na kikombe cha uji. Nilingoja ndani ya gari karibu saa nzima, afisa akapiga simu mara mbili.

Aliporudi alikuwa na mafungu matatu ya mchicha na ndimu za bure. Akafunga mlango, akaweka mfuko mapajani.

"Mwanangu," akasema, "hapa nimepata mtu wa kunipigia hodi."

Kiwanja tulikuwa bado hatujakiona.